Herufi Tatu kwenye Daftari

Kuna kauli ambayo tangu nianze shahada ya uzamili nimeisikia mara nyingi mno, tena kwa watu wenye vyeti vyao: kwamba bipola ya kwetu si ile ya Wazungu. Ya kwetu, wanasema, ni mania tupu. Mtu anapandisha, halali, anaongea mpaka sauti inakauka, anagawa vitu vya ndani, anafungwa kamba, anapelekwa hospitali, anatulia, anarudi nyumbani. Ile sehemu nyingine ya ugonjwa, ya kuzama na kukosa hata nguvu ya kuoga, hiyo eti ni anasa ya watu wenye muda. Mara ya mwisho niliisikia kwenye semina, na watu walicheka. Naandika kwa sababu kicheko kile kina historia yake, na kwa sababu wapo watu Raskazone, mtaa niliokulia, wanaolipa gharama yake.

Sina nia ya kuhamia upande wa pili, wa wale wanaosema ugonjwa ni ule ule Zurich na Tanga, basi chukua mwongozo wa Ulaya, tafsiri, gawa dawa. Huenda kweli watu wetu wana namna yao ya kuugua. Ushahidi upo, nitaufikia. Ninachokikataa ni mtu kuhukumu mwendo wa ugonjwa wa miaka thelathini wakati yeye amewaona wagonjwa kwa wiki mbili za mafunzo kwa vitendo. Siku ya kulazwa wagonjwa wa mania wote wanafanana. Tofauti zao huonekana baada ya miaka, na miaka hiyo sisi hatuiandiki popote.

Tuanze na jambo ambalo vitabu vya darasani hulipita mbio. Ugonjwa huu ulipatikana ndani ya kadi. Emil Kraepelin, daktari wa Kijerumani, alikuwa na kadi kwa kila mgonjwa: alikujaje, alitokaje, na baada ya miaka alikutwa yukoje. Alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Mwaka 1899, katika toleo la sita la kitabu chake, akawagawa wagonjwa kwenye mafungu mawili makubwa: wale ambao kwa maoni yake akili iliendelea kudhoofika, na wale walioumwa kwa vipindi, wakapata nafuu katikati, wakaumwa tena. Hao wa pili ndio aliowaweka chini ya jina moja la mania na sonona. Mgonjwa wa fungu hili na wa fungu lile waliweza kupiga kelele zile zile siku ya kwanza, kwa hiyo dalili za siku hiyo hazikumsaidia sana. Kilichomsaidia ni mwendo. Mwaka huo huo wa 1899 Wajerumani wenzake walikuwa wanasukuma reli kutoka Tanga kuelekea Korogwe. Simpambi, alikuwa na mawazo mabaya kuhusu mbegu za watu na kuoza kwa mataifa, na yalichangia mabaya zaidi baadaye. Lakini kadi zake zilifanya kazi ambayo macho yake peke yake yasingeweza.

Baada yake waliendelea kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1966 Jules Angst huko Uswisi na Carlo Perris huko Sweden, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba mtu wa sonona peke yake na mtu wa mania na sonona wana magonjwa mawili. Angst alichukua wagonjwa 406 waliolazwa Zurich kati ya 1959 na 1963, akawafuata kwa miongo. Huko Marekani, Lewis Judd na wenzake waliwafuata watu 146 wenye bipola ya aina ya kwanza, ile yenye mania kamili, kwa wastani wa karibu miaka 13, wakihesabu wiki kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka 2002: wagonjwa walikuwa na dalili karibu nusu ya wiki zote za maisha yao. Na wiki za sonona zilizidi za mania zaidi ya mara tatu.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Ugonjwa ambao jina lake mtaani ni kelele, kwa wale watu 146, kwa sehemu kubwa ulikuwa kimya.

Sasa njoo Raskazone. Wengi mnaijua kwa ufukwe, kwa mivinje, kwa Hoteli ya Mkonge na majumba ya zamani yanayotazama kisiwa cha Toten. Babu alikuwa mpishi katika mojawapo ya majumba hayo, na familia ikabaki kwenye nyumba ya uani. Mjomba wangu alikulia hapo. Ni fundi cherehani. Kibaraza chake kiko Ngamiani, na kila asubuhi huenda kwa baiskeli, kama nusu ya watu wa Tanga.

Mania yake ya kwanza aliianza kwa baiskeli hiyo hiyo. Alitoka alfajiri, akakata hadi Muheza, akapita nyumba kwa nyumba akialika watu kwenye harusi ya binti yake. Binti alikuwa na miaka miwili. Watu wa Muheza ni waungwana. Baadhi walitoa michango. Familia ilikaa miezi ikirudisha hela za watu.

Daftari lake la hospitali ni daftari la kawaida la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ukurasa wa kwanza kuna tarehe, jina la dawa, na herufi tatu: B, A, D. Ni kifupi cha jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Unajua zinasomekaje zikikaa pamoja. Yule binti wa harusi alizisoma akiwa darasa la saba, akauliza kwa nini daktari amemtukana baba.

Hilo ni daftari la nne. La kwanza lililowa mvua. La pili lilibaki kwa mganga, la tatu halijulikani lilikokwenda. Hospitali aliyolazwa, siitaji, kila mara ilimfungulia jalada jipya kwa kuwa la zamani halikuonekana, na kila mara daktari aliyekuwepo aliandika historia kwa mistari mitatu aliyoipata kwa yeyote aliyemsindikiza. Kwa mujibu wa maandishi, mjomba amekuwa mgonjwa mpya mara tano.

Likizo iliyopita nilikaa barazani na mama yangu, dada yake mkubwa, nikachora mstari kwenye karatasi ya manila. Mama hakumbuki tarehe. Anakumbuka mambo ya nchi. Harusi ya Muheza ilikuwa mwaka wa mvua za El Nino, zilipokwisha: 1998. Ya pili, mwaka wa ajali ya treni Dodoma: 2002. Ya tatu, Kikwete akigombea mara ya kwanza: 2005. Ya nne ilikuwa wiki mbili baada ya meli kuzama Nungwi, na anakumbuka kwa sababu mjomba alitangaza msikitini kwamba anajenga meli nyingine: 2011. Ya mwisho 2019. Kazi yote ilituchukua saa moja na birika moja la chai.

Mania tano katika miaka 27. Katikati, miaka minne, mitatu, sita, minane ya mtu mzima anayeshona, anayelipa ada, anayegombana na majirani kuhusu mbuzi kama mtu yeyote. Mtu aliyeumwa mara tano kwa miaka mitatu angekuwa na mstari mwingine kabisa. Lakini kwenye daftari wote wawili ni herufi tatu, na wote wawili wanapewa sindano ile ile ya kila mwezi bila kikomo. Sindano hiyo imemkakamaza mjomba vidole. Hawezi kutia uzi kwenye sindano ya cherehani. Binti yake humtilia nyuzi sita asubuhi kabla ya kwenda kazini kwake, na zikiisha kazi imeisha. Kama mtu angewahi kuona ule mstari, pengine angesema dawa hii inamlinda na inafaa. Pengine angesema inamlinda na kitu kinachokuja kila baada ya miaka sita kwa gharama ya mikono yake ya kila siku, basi tutafute nyingine. Hayo ni mazungumzo ya kitabibu yenye pande mbili. Hayajawahi kufanyika.

Nilimuuliza mwenyewe kama katikati huwa anazama. Mama alikuwa ameshajibu kwa niaba yake: huyu hajawahi kuinama. Mjomba akacheka.

"Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo hivyo, "ungekuwa wewe umealika Muheza nzima kwenye harusi isiyokuwepo, ungetoka nje?"

Nikamuuliza alikaa ndani muda gani.

"Ule mwaka? Miezi mitatu. Sikula vizuri. Nilikuwa naamka saa tisa usiku naiangalia dari."

Aibu au sonona? Ninaposoma vigezo, miezi mitatu ya kukosa hamu ya kula na kuamka saa tisa usiku vinatosha kumfanya daktari aketi na kuuliza zaidi. Kwa miaka 27 hakuna aliyeketi, na huyu ndiye anayehesabiwa darasani kuwa Mwafrika wa mania tupu.

Hapo ndipo historia ya kile kicheko inapoingia. Mwaka 1938 hospitali ya Mathari, Nairobi, ilikabidhiwa kwa J. C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa hadi 1950. Alihesabu waliolazwa, akaona wenye sonona ni wachache, akahitimisha kwamba Mwafrika hapati sonona kwa sababu hana ule uzito wa nafsi unaojilaumu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata akaandika kuwaeleza wakoloni saikolojia ya Mau Mau. Sasa fikiria alikuwa anahesabu nini. Nani aliyepelekwa Mathari zama zile? Aliyemsumbua chifu, mnyapara, polisi. Mwanamke aliyelala akitazama ukuta huko Murang'a hakuna askari aliyetumwa kumchukua. Carothers alihesabu malalamiko ya majirani akadhani anahesabu magonjwa.

Jibu lilikuja kutoka Uganda. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili huko: badala ya kusubiri wagonjwa hospitali, wanakijiji walifuatwa nyumbani na kuulizwa maswali yale yale waliyoulizwa wanawake wa Camberwell, London. Sonona vijijini Uganda ilikuwa nyingi zaidi. Nusu karne karibu inatimia, na bado kwenye semina yetu mtu anarudia hitimisho la Carothers akidhani ni uzalendo. Ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote. Tumeikuta dharau ya mkoloni imetupwa jalalani, tumeiokota, tumeifuta vumbi na tunaivaa kama kitenge.

Kuhusu bipola yenyewe, Ethiopia walifanya kazi ambayo ingepaswa kuwa inafundishwa kwetu wiki ya kwanza. Huko Butajira, kusini mwa Addis Ababa, mwishoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya watu wazima 68,000 walipitiwa nyumba kwa nyumba. Wakapatikana zaidi ya 300 wenye bipola ya aina ya kwanza, wengi wao hawajawahi kupata tiba yoyote. Wakafuatwa. Katika miaka miwili na nusu hivi, karibu theluthi mbili ugonjwa uliwarudia: karibu nusu kwa mania, na waliorudiwa na sonona hawakupungua sana chini ya hapo. Wanaume walielekea zaidi kwenye mania, wanawake kwenye sonona. Hao si watu wa Zurich. Ni wakulima wa pilipili na teff, na sonona yao ilionekana kwa sababu tu kuna mtu alibisha hodi.

Mwaka mwingine kikundi hicho cha Butajira kilitoa hesabu nyingine, ya watu 919 wenye magonjwa makali ya akili, bipola ikiwemo, waliofuatwa miaka 10. Waliokufa walikufa takribani miongo mitatu kabla ya wakati wao, karibu nusu kwa magonjwa ya kuambukiza. Kwa hiyo unapoambiwa "mania inapita", uliza inapita na nani.

Pale mtaani kwetu alikuwepo mama mmoja jirani. Baada ya kujifungua mtoto wa tatu hakulala wiki nzima. Alifagia uwanja usiku, akaimba, akawaambia wanawake waliokuja kumtazama mtoto kwamba yeye ndiye mke wa gavana wa Kijerumani. Ikasemwa ni majini ya uzazi. Alisomewa, akatulia. Uzazi ni kipindi cha hatari kubwa katika ugonjwa huu: takribani mwanamke mmoja kati ya watano wenye bipola ya aina ya kwanza hupata wazimu mkali baada ya kujifungua. Ile ilikuwa mania yake pekee tuliyoiona. Miaka kumi na mbili iliyofuata alikuwa na kitu kingine, cha wiki sita sita, cha kugeukia ukuta. Hakupiga kelele, hakugawa sufuria, hakwenda Muheza. Watu walisema ana kiburi, baadaye wakasema mvivu. Mumewe alioa mke mwingine. Daftari hakuwahi kuwa nalo, hata la herufi tatu. Alifariki mwaka juzi kwa namna ambayo msibani haikutajwa.

Haikutajwa kwa sababu ya dini na aibu, lakini pia kwa sababu ya sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Sisi bado. Basi familia yenye akili inafanya nini mtu wao akinusurika? Inasema alikunywa kitu kwa bahati mbaya. Na mwakani profesa anasimama darasani na takwimu safi zinazoonyesha kwamba kwetu sonona ni nadra.

Nilisema ushahidi wa kinyume nitaufikia. Ni huu. Katika miaka ya 1980 R. O. Makanjuola aliandika kutoka Nigeria juu ya wagonjwa wengi wanaorudiwa na mania bila sonona. Taarifa za aina hiyo zimetoka pia Tunisia na India. Haiwezekani zote ziwe makosa ya kuhesabu. Inawezekana kabisa mjomba wangu, ukiondoa ile miezi ya dari, ni mmoja wao. Lakini utamjuaje? Wamarekani waliwahi kuchukua watu 27 wenye mania ambao hawakuwa na historia ya sonona, wakawafuata kwa miaka 15 hadi 20. Matokeo yalitoka 2003. Ishirini kati yao walikuja kupata sonona. Saba hawakupata kabisa. Siku ya kwanza wote 27 walikuwa sawa. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo ambayo ingewachagua wale saba. Walichaguliwa na miaka.

Na kuwachagua si suala la kujaza tasnifu. Mtu wa upande wa sonona ukimpa dawa za sonona peke yake unaweza kumrusha kwenye mania. Lamotrijini huzuia sonona vizuri kuliko inavyozuia mania, hivyo kwa mtu wa mania tupu haina kazi kubwa. Litiamu, ambayo Mwaustralia John Cade aliitangaza mwaka 1949 na ambayo hadi leo ina ushahidi mrefu kuliko nyingine zote, watafiti wa Istanbul waliona mwaka 2002 kwamba iliwasaidia kidogo zaidi watu wa mania tupu kuliko wenye pande zote mbili. Nayo inataka damu ipimwe mara kwa mara, figo na tezi ya shingo ziangaliwe, na mgonjwa anayeharisha au kukauka maji kwenye joto la kaskazi ajue kwamba kiwango kinaweza kupanda hadi sumu. Valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke wa miaka 24 na mzee wa miaka 60 hawawezi kuandikiwa kwa mkono mmoja. Kila uamuzi hapa unauliza swali lile lile: huyu mtu, miaka yake imekwendaje?

Najua jibu nitakalopewa. Nchi ina daktari bingwa wa magonjwa ya akili chini ya mmoja kwa kila watu 100,000, na wewe unataka kumbukumbu za Zurich. Jibu hilo lina heshima yake na siliridhii. Butajira hawakutumia mabingwa kubisha hodi. Walitumia vijana wa pale pale waliomaliza sekondari wakafundishwa maswali. Na mbona sisi wenyewe tunaweza tukitaka? Mtu anayeishi na VVU Tanzania ana kadi ya CTC yenye namba yake. Akihama Tanga kwenda Mwanza, namba na historia vinaweza kumfuata. Mtoto ana kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito unaopanda mwezi kwa mwezi, na mama asiyejua kusoma anaweza kukuonyesha mahali mstari uliposhuka na kukwambia ilikuwa ni surua. Bila shaka fedha za wafadhili zilisaidia, hasa kwenye VVU. Lakini manila niliyomchorea mjomba iligharimu shilingi mia tano.

Wala si kwamba mambo haya ni mageni mkoani kwetu. Lutindi, kule milimani Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Zaidi ya karne moja watu wa Tanga wanalazwa, wanatoka, wanarudi.

Ajabu ni kwamba mwenye kumbukumbu ndefu kuliko wote katika habari ya mjomba ni yule mganga aliyebaki na daftari. Nilimwendea. Daftari hakulitoa, ila aliniuliza: kwenu nani mwingine alikuwa nacho? Kilimjia mwezi gani? Hukaa muda gani kabla ya kuondoka? Hupenda nini kikimpanda? Pepo, kwa wanaoamini, ana jina, ana ukoo, ana msimu wake, na mganga anayejua kazi hayasahau hayo. Simtetei, mjomba alifungwa mnyororo uani kwake siku tisa na kovu la kifundo analo. Lakini maswali yake yalikuwa bora kuliko ya fomu ya kulazwa, na mtu akiniuliza kwa nini watu wanaenda huko kwanza, sehemu ya jibu ni kwamba huko wanaulizwa habari zao.

Upande wa maabara nao umefika jirani. Mradi wa NeuroGAP ulikusanya mate ya makumi ya maelfu ya watu Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na Kenya, Kilifi ikiwemo, saa chache tu kwa basi kutoka Tanga, kutafuta vinasaba vya skizofrenia na bipola. Naunga mkono, kwa muda mrefu hesabu za vinasaba zilijaa watu wa asili ya Ulaya karibu peke yao. Lakini mate hutolewa siku moja. Kinasaba cha mtu wa mania tupu na cha mtu anayezama kila mwaka vikiingizwa kwenye kompyuta chini ya jina moja, tutapata jibu la wastani la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Tutakuwa tumetoa mate kabla ya kutoa historia.

Yupo pia kijana niliyesoma naye kidato cha sita. Mania moja, akiwa na miaka 19, wiki ya mitihani. Miaka minane imepita, hakuna kitu. Uchumba wake Pangani ulivunjika baada ya mtu kupeleka maneno. Anauliza: itarudi? Takwimu nilizozisoma zinasema kwa wengi hurudi, na lazima aambiwe hivyo. Lakini wengi ni nani, na wachache ni akina nani? Angeishi Denmark, ambako rejista ya wagonjwa wa akili imekuwa kwenye kompyuta tangu 1969, daktari angeweza kumwonyesha watu elfu kadhaa walioanza kama yeye na mahali walipofika. Huku anaambiwa amwombe Mungu na asiache dawa.

Ule mstari wa manila niliunakili kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja: miaka mitano ya mania, muda wa kila moja, dawa alizopewa kwa kadiri familia inavyokumbuka, kilichotangulia, na chini yake miezi ile ya kuangalia dari. Tuliibandika ndani ya jalada la daftari. Kliniki iliyofuata daktari kijana aliisoma dakika mbili nzima. Akauliza kuhusu mikono. Akapunguza dozi, akaandika apimwe figo kama maandalizi ya kubadili dawa, akamwambia arudi baada ya wiki nne.

Baada ya wiki nne alikuwepo daktari mwingine. Alichukua daftari, akatafuta ukurasa mweupe, akaandika tarehe, na chini yake herufi tatu. Akauliza tatizo lilianza lini. Mjomba alinyoosha mkono juu ya meza, akalifungua daftari nyuma, kwenye kadi, akamwekea kidole kwenye 1998.